Lodiseli, EMG, mizani ya ndoano au simu kiunoni: kipi kipime mazoezi ya mikanda ya kuning'inia?

Mtu akitia miguu kwenye vitanzi vya mikanda ya kuning'inia, kama ile ya TRX, akaegemea viwiko na kushikilia planki (kifudifudi, mwili umenyooka kama ubao), mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mkanda unabeba sehemu ya uzito wake, na misuli ya kiwiliwili inakaza ili kiuno kisibonyee na miguu isiyumbe. La kwanza ni nguvu, nayo hupimwa kwa nyutoni au kilo. La pili ni umeme mdogo unaozalishwa msuli unapoamriwa kukaza, nao hupimwa kwa maikrovolti. Kifaa cha kupimia la kwanza hakisemi lolote kuhusu la pili, na cha la pili hakisemi lolote kuhusu la kwanza. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mkufunzi wa jimu ananunua vifaa vya EMG (elektromiografia, yaani upimaji wa umeme huo wa misuli) ili ajue zoezi lipi lina mzigo mkubwa, na mwanafunzi anafunga kipima nguvu kwenye mkanda kisha anaandika kwenye tasnifu kwamba misuli ya tumbo ilifanya kazi zaidi.

Msimamo wetu tunautoa mapema: kama una fedha ya kifaa kimoja, nunua cha kupimia nguvu ya mkanda, yaani mizani ya ndoano au lodiseli, kihisi cha chuma kinachogeuza mvuto kuwa ishara ya umeme. EMG ije baadaye, tena juu ya vipimo vya nguvu ambavyo tayari unaviamini.

Kwa nini nguvu itangulie

Tuseme umepima EMG ya msuli mnyoofu wa tumbo kwenye planki ya sakafuni, kisha ukapima tena miguu ikiwa mikandani, na kipimo cha pili kikatoka juu. Hilo si jambo la ajabu. Stuart McGill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2014 ulinganisho wa mazoezi ya kusukuma kwenye sehemu tulivu na kwenye mikanda, na kwa jumla mikanda ilidai kazi kubwa zaidi ya misuli ya kiwiliwili. Lakini wewe uliyepima planki yako bado una swali: EMG imepanda kwa sababu mkanda unayumba, au kwa sababu miguu imeinuliwa sentimita 30 na mgawanyo wa uzito umebadilika? EMG peke yake haiwezi kujibu.

Dawa yake ni benchi. Weka benchi au sanduku la urefu uleule wa vitanzi, mtu aegemeze miguu hapo, upime. Kisha aiweke mikandani, upime tena. Ukionyesha kwamba miguu ilibebewa kilo zilezile katika hali zote mbili, tofauti ya EMG inayobaki inatokana na kuyumba. Bila kipimo cha nguvu huwezi kuonyesha hilo, na ulinganisho wote unabaki dhana.

Nguvu pia ina faida ya kukaguliwa kwa hesabu. Chukua mtu wa kilo 70 mwenye urefu wa sentimita 170 hivi. Afrika Mashariki, karibu na ikweta, mchapuko wa graviti ni takriban mita 9.78 kwa sekunde mraba, kwa hiyo uzito wake ni nyutoni 685. Katika planki ya viwiko, umbali kutoka begani hadi kifundo cha mguu ni kama sentimita 130, na kitovu cha uzito wa mwili kipo karibu sentimita 42 kutoka begani. Mikanda ikiwa wima, nguvu yake ni 685 × 42 ÷ 130, yaani nyutoni 221, sawa na kilo 22.6. Kila mguu unabebewa kilo 11.3. Viwiko vinabaki na kilo 47.4. Geuza zoezi, viwiko viwe mikandani na vidole vya miguu sakafuni, na mikanda itabeba karibu theluthi mbili ya uzito badala ya theluthi moja. Kwa hiyo anayelinganisha "miguu mikandani" na "viwiko mikandani" analinganisha mizigo miwili tofauti kabisa, hata kama mazoezi yote mawili yanaitwa planki.

Sasa fikiria mkanda uliolala. Mtu akisogea mbele, mbali na sehemu mkanda ulipofungwa, mkanda unaanza kumvuta kurudi nyuma. Pembe ya mkanda kutoka wima ikiwa nyuzi 10, mvutano unaohitajika kubeba mzigo uleule wa wima huongezeka kwa asilimia 2 tu. Kwa nyuzi 20 ni asilimia 6, kwa nyuzi 30 asilimia 15, na kwa nyuzi 45 asilimia 41. Ongezeko la nyuzi 20 linaonekana dogo, lakini tazama upande wa mlalo: kwa mtu wetu wa kilo 70, mkanda wa nyuzi 20 unavuta mwili kwa mlalo kwa nyutoni 80 hivi. Hizo ni kama kilo 8 zinazotaka kuutenganisha mwili na viwiko, na anayezizuia ni tumbo na mabega. Ndiyo maana hatua moja ya kusogea mbele inabadilisha zoezi kuliko macho yanavyoona. Tena, kwa kuwa vitanzi viko juu kidogo ya viwiko, nguvu hiyo ya mlalo inabadilisha pia mgawanyo wa wima. Hesabu ikuongoze, lakini nambari ya mwisho itoke kwenye kipimo.

Lodiseli dhidi ya mizani ya ndoano

Mizani ya ndoano ya kidijitali, ile wanayotumia wanunuzi wa vyuma chakavu, ndiyo njia rahisi ya kuanzia. Unaifunga kati ya sehemu ya kufungia na mkanda, unabonyeza kitufe cha sifuri ili uzito wa mkanda wenyewe uondoke, mtu anaingia kwenye zoezi, unasoma. Kwa planki ya kushikilia sekunde 10 hadi 20 inatosha kabisa. Inakwambia kama leo mteja amebebewa kilo 22 au 27, na hilo tu linamwezesha mkufunzi kurudia zoezi lilelile wiki ijayo bila kubahatisha.

Shida zake zinajulikana. Nambari hubadilika mara chache kwa sekunde, kwa hiyo kwa mvuto wa haraka, kama kujivuta kwa mikono au kukunja magoti kuelekea kifuani, kilele hupita bila kuonekana. Nyingi zina utaratibu wa kuganda: mizani ikiona uzito umetulia kidogo, inashika nambari hiyo na kuacha kufuata mabadiliko. Uzime utaratibu huo kabla ya kuanza, na kama mizani yako haina njia ya kuuzima, usiinunue kwa kazi hii. Nyingine hujirudisha sifuri zenyewe polepole zikiona mzigo mdogo usiobadilika. Hii hutokea unapopima mkanda mmoja mmoja wenye kilo chache, na utaona nambari ikishuka bila mtu kusogea. Usisimame kusoma kwa macho. Rekodi kioo cha mizani kwa video ya simu, kisha soma nambari kila sekunde ukiwa umetulia.

Lodiseli ya umbo la S ni hatua inayofuata, na ndiyo tunayoipendekeza kwa yeyote anayetaka kuandika ripoti au kufuatilia wagonjwa. Ndani yake mna vijipande vinavyobadilisha ukinzani wa umeme chuma kinapovutwa. Nyingi hutoa milivolti 2 kwa kila volti ya umeme unaoiingizia, ikiwa imebeba mzigo wake wote. Ukiipa volti 5, mzigo kamili unatoa milivolti 10 tu, ndiyo maana inahitaji kikuzaji. Kikuzaji cha bei nafuu kinachopatikana kwa wauzaji wa vifaa vya Arduino (bodi ndogo za elektroniki zinazopangwa kwa programu) ni HX711, chenye biti 24. Hapa kuna mtego unaowakwaza wengi: HX711 ina kasi mbili, sampuli 10 au 80 kwa sekunde, na moduli nyingi huja zikiwa zimewekwa kwenye 10. Lazima ubadilishe muunganisho wa pini ya RATE ili upate 80. Kwa planki, 10 inaweza kutosha. Kwa zoezi lolote lenye mwendo, 10 inakata vilele.

Ukubwa wa lodiseli uchague hivi. Mtu wa kilo 80 akijivuta kwa mikono mwili ukiwa mlalo na visigino sakafuni, mikanda inabeba takriban kilo 55 akiwa ametulia. Akijirusha, nguvu inaweza kufika maradufu. Lodiseli moja inayobeba mikanda yote miwili iwe ya kilo 200. Ukiweka moja kwa kila mkanda, ya kilo 100 inatosha. Usichukue ya kilo 500 eti kwa usalama. Utakuwa unatumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake na makosa yatakuwa makubwa kulinganisha na kilo 11 za mguu mmoja.

Mahali pa kuifunga panategemea swali. Mikanda ya TRX ina sehemu moja ya juu inayogawanyika mara mbili kupitia kitanzi. Lodiseli ikiwa juu ya mgawanyiko, unapata jumla. Ukitaka kujua kama mguu wa kushoto unategemewa kuliko wa kulia, ni lazima uweke lodiseli mbili chini, kati ya kila mkanda na kitanzi chake. Kwa kazi ya tiba ya viungo tungechagua mbili, kwa sababu jumla peke yake huificha tofauti ya pande.

Kufunga kwenyewe kunataka uangalifu. Tumia boliti zenye jicho kila upande, na angalau karabina moja (pete ya chuma inayofunguka) inayozunguka, ili lodiseli ivutwe kwa mstari wake tu. Ikipindishwa upande, inasoma uongo na mwishowe inaharibika. Pitisha utepe wa usalama sambamba na lodiseli, uwe umelegea kidogo: boliti ikikatika, mtu asianguke kifudifudi. Utepe huo ukikaza kabla ya wakati, utakula sehemu ya mzigo na kipimo kitatoka pungufu, kwa hiyo uangalie kila mara mtu akiwa ndani ya zoezi.

Kabla ya vipimo, washa mfumo dakika 10 hadi 15 ili upate joto. Kisha sawazisha kwa uzito unaojulikana: sifuri, kilo 5, 10, 20, 40, halafu rudi chini kwa hatua zilezile. Nambari za kupanda na kushuka zikipishana sana, kuna kitu kinasugua au boliti imelegea. Usiamini maandishi ya sahani za jimu. Zipime kwanza kwenye mizani ya biashara iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kama uko Tanzania, au mamlaka ya namna hiyo nchini mwako. Ukikosa vyote, ndoo ya lita 20 iliyojazwa maji kwa kipimo sahihi ni kilo 19.9 kwa joto la nyuzi 30, ongeza uzito wa ndoo. Kusawazisha kwa vitu vya uzito ukiwa palepale kunaondoa pia tofauti ndogo ya graviti, karibu asilimia 0.3, kati ya ikweta na nchi kifaa kilikotengenezwa.

Ukaguzi wa bei rahisi: mizani ya sakafuni

Bamba la nguvu la maabara, kama la kampuni ya Kistler au AMTI, linapima nguvu katika pande tatu kwa sampuli 1000 kwa sekunde na zaidi. Ni kifaa bora, na kama chuo chako kinalo, litumie chini ya viwiko. Lakini kulinunua kwa ajili ya mikanda tu si matumizi mazuri ya fedha, kwa sababu linapima kile kilichobaki sakafuni, wakati wewe unataka kilicho mkandani.

Mizani ya kawaida ya kupimia watu inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Weka ubao mgumu juu yake, irudishe sifuri, mtu aweke viwiko juu ya ubao, miguu mikandani. Nyanyua pia vitanzi vya mikanda kwa kimo cha mizani na ubao, vinginevyo umebadilisha pembe. Sasa jumlisha: kilo za viwiko pamoja na kilo za wima za mkanda lazima zifikie uzito wa mtu. Kwa mtu wa kilo 70, mkanda ukisema 22.6 na mizani ya viwiko ikasema 47, hesabu inakubali. Ikisema 43, tafuta kosa: utepe wa usalama umebeba, goti limegusa sakafu, au mizani mojawapo haiko sawa. Jumla ikizidi uzito wa mtu, huenda mkanda umelala na hujakokotoa sehemu yake ya wima. Ukaguzi huu huchukua dakika mbili, na tunausisitiza kwa kila anayeanza kwa sababu hakuna njia nyepesi kuliko hii ya kugundua kipimo kibovu.

Pembe ya mkanda ipime kwa timazi ya fundi mwashi ikining'inizwa kutoka sehemu ya kufungia, au kwa simu iliyoegemezwa ubavuni mwa mkanda. Andika mambo matatu kwa kila mtu: kimo cha sehemu ya kufungia, kimo cha kitanzi kutoka sakafuni, na umbali wa viwiko kutoka pale timazi inapogusa sakafu. Weka alama za utepe wa karatasi sakafuni. Mtu akirudi baada ya mwezi bila alama hizo, utakuwa unapima zoezi jingine.

EMG: inatoa nini, inadai nini

EMG ya juu ya ngozi ndiyo pekee kati ya vifaa hivi inayokuonyesha msuli upi unashughulika. Kama swali lako ni iwapo mgonjwa anatumia misuli ya tumbo au anategemea mgongo na mapaja, hakuna mbadala wa kweli. Bei ya mfumo wa maabara usio na waya inafika mamilioni mengi ya shilingi, na kazi ya maandalizi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ngozi kwanza. Nyoa nywele, sugua taratibu kwa msasa laini au krimu ya kusugulia, futa kwa spiriti ya asilimia 70, acha ikauke kabisa. Elektrodi za fedha na kloridi ya fedha, mbili kwa kila msuli, ziwe na umbali wa milimita 20 kutoka kitovu hadi kitovu, zikifuata mwelekeo wa nyuzi za msuli. Kipimo hicho cha milimita 20 kinatokana na mapendekezo ya SENIAM, mradi wa Ulaya wa miaka ya 1990. Kwa misuli inyooshayo mgongo, SENIAM inaelekeza upana wa vidole viwili kando ya uti wa mgongo kwenye pingili ya kwanza ya kiuno. Ili uipate, mstari unaounganisha vilele vya nyonga hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Hesabu tatu kwenda juu. Kwa msuli mnyoofu wa tumbo, wengi huweka sentimita 3 kando ya kitovu. Msuli mshazari wa nje unapatikana ubavuni, chini ya ukingo wa mbavu, sentimita 15 hivi kutoka kitovuni, na elektrodi zilale mshazari kuelekea kinena cha upande wa pili. Ya rejea iwekwe penye mfupa, kwa mfano kileleni mwa nyonga.

Msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kiwiliwili kama mshipi, hauwezi kupimwa peke yake kwa elektrodi za juu. Ukibandika karibu na ncha ya mbele ya nyonga, unapata mchanganyiko wake na mshazari wa ndani. Ripoti inayodai kuutenganisha bila sindano tusiiamini.

Mfumo uwe na sampuli angalau 1000 kwa sekunde, 2000 ni bora. Chuja kati ya hezi 20 na 450. Umeme wa majumbani kwetu ni hezi 50, nao huingia kwenye waya kirahisi; tumia kompyuta kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa, kwa ajili ya usalama wa mtu aliyebandikwa na kwa usafi wa mawimbi pia. Kisha kuna moyo. Misuli ya kiwiliwili iko karibu nao, na mapigo yake huonekana kama vilele vya mara kwa mara, hasa upande wa kushoto. Kupandisha kichujio cha chini hadi hezi 30 huondoa sehemu kubwa ya mapigo na kupoteza kiasi kidogo cha mawimbi ya msuli. Kama umepanga kupima upande mmoja tu, chagua wa kulia.

Sehemu inayoharibu kazi nyingi ni ulinganifu wa kiwango. Maikrovolti ghafi za mtu mmoja haziwezi kulinganishwa na za mwingine, kwa sababu mafuta chini ya ngozi na mahali pa elektrodi hubadilisha kila kitu. Kwa hiyo kila kipimo hugawanywa kwa EMG ya msuli uleule mtu anapoukaza kwa uwezo wake wote (jaribio la juu), siku ileile, kwa elektrodi zilezile bila kubanduliwa. Kwa tumbo, mtu alale nusu ameinuka, miguu imefungwa, ajikunje dhidi ya mikono au mkanda usiosogea. Kwa mshazari, aongeze kujipinda. Kwa mgongo, alale kifudifudi kiwiliwili kikiwa nje ya kitanda, ainuke dhidi ya kizuizi. Jaribio moja sekunde 3 hadi 5, mara tatu, mapumziko ya dakika mbili au zaidi. Mtu akijizuia kwa uvivu au kwa hofu ya maumivu, kigawanyo kinakuwa kidogo na utaona planki yake inatoa asilimia 130. Hiyo si nguvu ya ajabu. Ni jaribio la juu lililofanywa nusunusu. Kwa mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo usimlazimishe jaribio la juu. Tumia zoezi jepesi la rejea, kwa mfano planki ya magoti, na uripoti vipimo kama uwiano wa zoezi hilo.

Kwenye mikanda kuna matatizo yake ya ziada. Mtu akikunja magoti kuelekea kifuani, mapaja yanagonga elektrodi za chini za tumbo na kuleta miruko mikubwa kwenye mchoro. Msuli nao husogea chini ya ngozi, hivyo elektrodi haisomi tena palepale. Kwa sababu hiyo tunapendelea kulinganisha mazoezi ya kushikilia kuliko ya mwendo: shikilia sekunde 10, tupa sekunde mbili za mwanzo na mbili za mwisho, chukua wastani wa zile 6 za katikati kwa madirisha ya milisekunde 100. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam jasho hulegeza gundi ndani ya dakika chache. Panga mazoezi machache, feni iwe karibu, na usibandike upya katikati ya vipimo. Ukilazimika kubandika upya, rudia jaribio la juu.

Moduli za EMG za bei nafuu kama MyoWare zinafaa kufundishia. Onyo letu ni kwa wale wanaosoma towe (ishara inayotoka kwenye moduli) lililolainishwa tu: huwezi kuona mapigo ya moyo wala mtikisiko wa waya ndani yake, na nambari huonekana nzuri hata kama ni kelele tupu. Chukua towe ghafi.

Simu kiunoni

Programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inasoma kihisi cha mchapuko kilichomo kwenye simu na kutoa faili unaloweza kulifungua kwenye jedwali la kompyuta. Funga simu kwa mkanda mpana uliobana, katikati ya nyonga kwa nyuma, bila kava. Chagua mchapuko usio na graviti, shikilia planki sekunde 15, tupa 3 za mwanzo, kisha chukua wastani wa ukubwa wa mchapuko. Kipimo hiki kinaonyesha kiasi cha kuyumba kwa nyonga, yaani jinsi mtu anavyomudu zoezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Miguel Hernández, Elche, Hispania, wametumia njia ya namna hii kupanga ugumu wa mazoezi ya uthabiti wa kiwiliwili.

Kwa mkufunzi wa jimu, simu ina thamani kuliko EMG. Inamwonyesha kwamba mteja yuko tayari kuongezewa umbali au kwamba bado anatetemeka. Haisemi chochote kuhusu mzigo, na haijui kama utulivu umetokana na tumbo imara au na kiuno kilichoning'inia kwenye kano za mgongo. Kwa hiyo macho yabaki kwenye mstari wa mgongo. Mkanda uliolegea ndio kosa la kawaida: simu inacheza yenyewe na kila mtu anaonekana dhaifu.

Nani achague nini

Jimu yenye wateja wa kawaida: mizani ya ndoano, timazi na simu. Basi.

Kliniki ya tiba ya viungo: lodiseli mbili, moja kwa kila mkanda, na simu kiunoni. EMG iwepo tu kama kuna mtu mmoja aliyefunzwa ambaye ataitumia kila wiki. Ikitumiwa mara moja kwa miezi, elektrodi hukauka na mikono husahau, na vipimo havilinganishiki.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu, ambaye chuo kimemwazima EMG kwa siku chache, asiitumie siku hizo kujifunza mikanda. Lodiseli, pembe, benchi na alama za sakafu vikamilike wiki kabla, na watu wake wawe wameshayafanya mazoezi hadi wameyazoea. Siku ya EMG ianze na ngozi, kisha majaribio ya juu, mapumziko ya dakika tano, halafu mazoezi kwa mpangilio wa kura kwa kila mtu, dakika 2 hadi 3 kati ya moja na jingine, mara tatu kila zoezi. Lodiseli na EMG vina saa tofauti, kwa hiyo kabla ya kila zoezi avute mkanda kwa mshtuko mmoja huku akigonga elektrodi ya tumbo kwa kidole kwa wakati uleule. Mruko utaonekana kwenye michoro yote miwili, na hapo ndipo atakapoiunganisha. Mwisho wa siku, kabla ya kuondoa chochote, apime tena kilo 20 kwenye lodiseli. Ikiwa imehama kwa zaidi ya nusu kilo, vipimo vya nguvu vya siku hiyo virudiwe.